Mwezi wa Magesa

Siku tuliyomzika Baba Mkubwa kule Bukima, kijana mmoja wa ukoo alisimama kando ya jeneza akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, na watu walitulia. Alipofika kwenye habari ya macho akasema: "Marehemu alipofushwa na taa za yadi ya malori wakati akiishi Kabasa, Bunda." Wanawake wakaguna. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, na mbele yangu kidogo, kwenye viti vya plastiki vya wazee, nikamwona Bwana Magesa, mwenye yadi yenyewe, amezeeka, kofia ameiweka gotini. Alikuwa ametoka Bunda kuja kumzika mtu ambaye wasifu wake ulikuwa unamshitaki. Hakutikisika. Tulipomaliza kuweka mashada nilimfuata nikamwamkia, nikamwambia yale maneno hayakuwa sahihi. Akasema, "Nimeyazoea, binti yangu. Miaka yote hii Kabasa wananiitaga mpofusha wazee. Mwache mwenzangu apumzike." Nikarudi Nyakato, hapa Musoma ninapoishi. Mimi ndiye niliyepaswa kusimama pale makaburini nikasema. Sikusema. Kwa hiyo naandika, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na sijui kama maandishi haya yatamfaa mtu.

Habari za kwetu Butiama nitaziacha, hazina kosa lolote katika jambo hili. Inatosha kusema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nipo nipo tu nyumbani, na Mama Mkubwa Nyangeta, dada yake mama, akaniita Kabasa nimsaidie kuuza dagaa sokoni. Mume wake ndiye huyu Baba Mkubwa Masatu tuliyemzika. Alikuwa amevua dagaa Bukima tangu ujana mpaka bega likamkatalia, ndipo wakahamia Bunda mjini. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebule hiyo ilinuka dagaa hata Jumapili, magunia yamepandana mpaka chini ya kalenda ya kanisa. Mimi nililala chumba cha nyuma, chenye dirisha la mbao lisilofunga vizuri, linaloangalia upande wa yadi. Jioni tulikula uani, watu watatu sinia moja, ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa, uliochanganywa na mtama, mweusi na mzito, ukiumega unabaki na alama za vidole. Nilikuwa na kaunta buku nililopewa na mwalimu wangu wa zamani, nikaliandika karibu kila siku ya mwaka ule. Ninalo mpaka leo. Ninaposema jambo limeandikwa, limeandikwa. Ninaposema nakumbuka, msomaji apunguze kidogo.

Kwetu sisi wengine giza ni kitu cha kuombewa kiondoke. Kwa watu wa dagaa giza ni msimu wa kazi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, basi watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Mwezi ukifa wanasema "giza limeingia", na wanalisema kwa furaha, kama wakulima wanavyosema mvua imeanguka. Jumapili moja mchungaji aliomba, "Bwana, liondoe giza katika Bunda yote," nikamsikia Baba Mkubwa kando yangu ananong'ona, "Halafu tule nini?" Mama Mkubwa akamfinya pajani. Baba Mkubwa ndiye aliyenieleza jinsi walivyokuwa wanampima macho mgeni kabla hajapewa nafasi ya kukaa mbele ya mtumbwi. Walimsimamisha ufukweni, wakamwonyesha Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga. "Hesabu." Anayeona sita au saba, anakaa mbele. Anayeona nne, anavuta nyavu. Chini ya hapo, anabaki nchi kavu kuanika dagaa na akina mama. Sharti lilikuwa moja, hakuna kukinga mkono usoni. "Ziwani mikono ina kazi yake," alisema, "huwezi kuwa unaangalia nyota umejishika paji kama bibi harusi." Yeye aliziona saba tangu kijana. Na pale Kabasa, miezi ambayo Kilimia kinatoka jioni, kila tulipomaliza kula na kusali alisimama katikati ya ua akahesabu, kama mwingine anavyotikisa komeo kuhakikisha mlango umefungwa. "Saba," anasema, halafu anaingia ndani.

Mwezi wa kumi na moja Bwana Magesa akasimamisha nguzo nne za chuma kwenye yadi yake, ng'ambo ya ukuta wetu, na juu ya kila nguzo taa mbili kubwa kama masufuria ya harusi. Lazima nimtendee haki. Mwezi mmoja kabla, wezi wa mafuta waliingia yadini wakamkata mlinzi wake panga la mkono. Bwana Magesa mwenyewe ndiye aliyembeba. Siku Baba Mkubwa alipomfuata mara ya kwanza kulalamika, nilikuwepo, na jibu lake limeandikwa: "Mzee Masatu, nimempeleka mtu hospitali mkono unaning'inia. Niwashe taa au nichonge jeneza?" Na si Bwana Magesa tu aliyefaidi. Mama Happy, jirani yetu aliyekaanga samaki kando ya njia, alihamishia jiko lake moja kwa moja chini ya ukuta ule. "Mzee, wewe na nyota zako, mimi na samaki wangu," alimwambia. "Zamani nilikuwaga nakaanga kwa kubahatisha, nusu mbichi nusu mkaa. Sasa hivi namwona sato mpaka roho yake." Wasichana tulitoka chooni bila hofu. Kumbikumbi wa mvua zile walizijia taa kwa maelfu, tukawakusanya kwa mabeseni na kuwala wakiwa wamekaangwa kwa chumvi, nami nilifurahi kama wengine. Watu wakaziita taa hizo Mwezi wa Magesa.

Lakini mengine yaliharibika, na hayo pia yameandikwa. Jogoo wetu alianza kuwika mara tu tulipomaliza chakula cha jioni, akawika tena wakati wa kulala, mpaka sauti ikamkauka, Mama Mkubwa akamchinja kwa hasira. Mtama aliopanda kando ya ukuta wa yadi ulirefuka, ukawa wa kijani ajabu, wala haukutoa masuke, ilhali ule wa upande wa pili wa nyumba, mbegu ileile, ulitoa. Chumbani kwangu mwanga uliingia kwa ufa wa dirisha ukalala ukutani kama kitambaa cheupe, nikalala nimejifunika uso. Na juu yetu mbingu ikawa kama maji yaliyooshewa unga. Sikujua kwamba kitu hicho kinaweza kuisha. Kule Butiama nyota zilikuwa nyingi hata hatukuwa na haja ya kuziangalia. Baba Mkubwa alisimama uani akasema, "Tano." Wiki iliyofuata, "Nne, nadhani." Akamgeukia Mama Mkubwa: "Huu ni mwezi gani usiokufa? Hata Mungu aliuwekea wake kipimo."

Ndani ya wiki hizohizo alianza kugonga vitu. Aligonga beseni la maji lililokuwa kando ya mguu wake, akagonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita miaka mingi, na siku moja akaketi juu ya sinia la dagaa tuliloliweka kwenye benchi. Tulicheka. Hata yeye alicheka. Sura ya mtu aliyesimama mbele yake aliiona vizuri, akasoma Biblia yake mchana, akachambua miiba ya samaki bila shida. Kilichompotea kilikuwa cha pembeni, nasi hatukujua kwamba macho yanaweza kuliwa kuanzia pembeni. "Ni ule mwanga," alisema kila alipogonga kitu. "Unanichoma usiku kucha, asubuhi naamka na ukungu." Ilileta maana kabisa. Hata sasa, nikisoma daftari, naona jinsi ilivyoleta maana.

Jioni ninayotaka kuisema ilikuwa ya mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa naosha sinia. Akaniita kutoka katikati ya ua, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Vero, njoo hapa, mwanangu. Wewe una macho ya mwewe. Hebu nihesabie Kilimia." Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikasimama karibu naye, nikatazama. Kile kilichobaki cha Kilimia kilikuwa juu ya nguzo ya pili ya Magesa, na mwanga ukaniingia machoni. Niliona tatu, pengine na kivuli cha ya nne. Kisha, bila kuwaza, nikapandisha mkono nikakinga ile taa, na nyota zikatoka. Sita. Sina shaka zilikuwa sita, nilizirudia mara mbili. Nikashusha mkono. Baba Mkubwa alikuwa ananitazama mimi, hatazami juu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayengoja jibu la wauguzi mlangoni. "Ngapi?" akauliza. Nikasema, "Tatu, Baba Mkubwa." Akashusha pumzi ndefu, akanishika kichwa. "Unaona basi. Hata wewe." Akaingia ndani akiita, "Nyangeta! Vero mwenyewe anaona tatu!" kama amepata habari njema. Nimejitetea mara nyingi kwamba sikusema uongo. Sharti la mtumbwi linakataza kukinga mkono, na bila mkono zilikuwa tatu. Lakini kwenye kaunta buku, siku hiyo, nimeandika neno moja tu, "Tatu", na mtu mwenye dhamiri safi angeandika yote mawili.

Hilo lingeweza kuwa jambo dogo. Siku chache baadaye ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watafika zahanati kwa siku mbili, kupima watu bure. Mama Mkubwa akamtolea shati la kola. "Twende, Baba, ukapimwe. Unagonga kila kitu kama ng'ombe mgeni." Walikuwa mezani wanakunywa chai kwa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, mimi nafunga dagaa kwenye vifuko kando yao. Baba Mkubwa akacheka. "Nikapimwe nini? Tumeshapima hapa uani. Mimi naona tatu, Vero anaona tatu. Basi na yeye mpeleke." Mama Mkubwa akanigeukia. "Vero, ni kweli unaona tatu?" Dagaa walikuwa mikononi mwangu, nakumbuka mikwaruzo yao midogo. Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa nakula ugali wa mzee yule, nalala chini ya bati lake, na tangu jioni ile alikuwa ananiita "shahidi wangu" mbele ya wageni, jina la kwanza la heshima nililowahi kupewa. Nikasema, "Ndiyo, Mama Mkubwa." Akalirudisha shati kwenye msumari. Madaktari wakaja, wakapima watu, wakaondoka.

Baada ya hapo Baba Mkubwa akawa mtu wa jambo moja. Alikwenda ofisi ya mtaa mara tatu, akanipeleka na mimi, shahidi, nikasema tatu mbele ya mwenyekiti. Akagombana na Mama Happy, ambaye alimwambia waziwazi, "Mzee, nyota hazijawahi kumlisha mtu wa Kabasa." Mwisho Bwana Magesa mwenyewe akaja nyumbani, jioni moja ya mwezi wa pili, amevaa kandambili, akakaa kwenye gunia maana viti havikutosha. Alikubali chai. Alisema amechoka kusemwa. "Mzee Masatu, mimi si adui yako. Nitazizima sasa hivi, uangalie mwenyewe. Ukiniambia tofauti ni kubwa, nitazifunga kofia za bati ziangalie chini tu, kwa gharama yangu. Ila sitazing'oa." Baba Mkubwa akasimama, akampa mkono. Nilimwona ana furaha. Tulitoka wote uani, na majirani kadhaa walishasikia wakaja kusimama ukutani. Bwana Magesa akapiga mluzi kuelekea yadi, mlinzi wake akashusha swichi, na zile taa nane zikafa kwa pamoja.

Kwanza hatukuona kitu. Halafu, kidogo kidogo, kama jicho linavyozoea chumba, mbingu ikajaa. Sijui niandikeje. Ilikuwa imejaa mpaka kwenye mapaa, hata katikati ya nyota kulikuwa na vumbi la nyota, na Kilimia kilikuwa juu kabisa, kila kifaranga peke yake. Mtu mmoja ukutani akasema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini. Mimi niliziona saba bila mkono. Baba Mkubwa alikuwa amerudisha kichwa nyuma, mdomo wazi kidogo, anageuza uso polepole upande huu na upande huu. Akageuza muda mrefu. Kisha akasema, kwa masikitiko ya mtu aliyefika sokoni akakuta pamefungwa: "Bahati mbaya. Leo kuna mawingu."

Mama Happy akaanza kucheka. "Mawingu wapi, mzee? Mbona—" Niliusikia mkono wa Mama Mkubwa ukinitafuta gizani, ukanipata kwenye kifundo cha mkono, ukanibana mpaka ukaniuma. Ni Bwana Magesa aliyemshika Baba Mkubwa bega, akasema taratibu, "Kweli, mzee, hali ya hewa si nzuri leo. Tutaangalia siku nyingine." Akamwongoza mpaka kwenye gunia. Kisha akatoka bila kumalizia chai yake, na taa hazikuwashwa tena mpaka asubuhi. Wiki ile ile zikafungwa kofia za bati kama alivyoahidi, na jambo hilo pia kwenye wasifu halikusomwa.

Tulimpeleka Musoma, hospitali, Mama Mkubwa na mimi. Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mpole, akamwangalia kwa kile chombo chake muda mrefu, akatuita ndani. Akasema ni presha ya macho, imeanza zamani, pengine tangu angali ziwani, na haina uhusiano na taa za mtu yeyote. Kilichokwenda hakirudi. Atatoa dawa ya kulinda kilichobaki, ila kilichobaki ni kidogo. Mama Mkubwa akauliza, "Tungemleta mapema?" Daktari akasema, "Mapema kiasi gani, mama?" Mama Mkubwa akataja siku za wale madaktari wa zahanati. Daktari akawaza, nikaona hataki kutuumiza. "Labda," akasema. Neno hilo nimeishi nalo. Lingekuwa "ndiyo", ningejua mimi ni mtu gani. Lingekuwa "hapana", ningelala.

Siku hizi Nyakato ninapokaa kuna taa kila duka, na mbingu ya usiku ina rangi ya chai ya maziwa. Watoto wangu hawajui Kilimia, nami sijawafundisha, nikijiambia hakionekani. Hata Bukima, usiku wa matanga, nilitoka nje nikaangalia ziwani: taa za wavuvi wa dagaa, zile nyeupe za betri, zilikuwa mstari mrefu, utadhani mji umejengwa juu ya maji. Watu wanavua, wanakula, siwezi kuwalaumu. Najua tu kwamba sisi wa Kabasa tulipoibiwa vitu viwili kwa wakati mmoja, tulimshika mwizi mmoja tukamtwisha vyote. Nyota zetu kweli zilichukuliwa na taa. Macho ya mzee hayakuchukuliwa na taa. Bwana Magesa anastahili kudaiwa la kwanza tu, na la kwanza alijitahidi kulilipa.

Mwaka ule uliisha kwangu mwezi wa kumi, nilipopata nafasi ya kujifunza ushonaji Musoma. Siku ya kuondoka Mama Mkubwa alinunua ningu, samaki mtamu ambaye miiba yake ni kama sindano, akaenda sokoni akatuacha tule. Wakati huo Baba Mkubwa alikuwa anaona mwanga wa mlangoni tu. Nikawa namchambulia, naweka minofu upande wake wa sinia. Nikasema bila kupanga, "Baba Mkubwa, jioni ile niliona sita." Akaendelea kutafuna. "Ulikinga mkono?" "Nilikinga." "Basi ilikuwa tatu. Sharti ni sharti." Nikaanza kulia, nikamwambia kuhusu zahanati, kuhusu shati. Akaniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilikinga kabla yako. Nilipokinga, hata ile taa ikapotea, na sikuona kitu. Ndiyo maana nikakuita. Nilitaka mtu wa kuniambia ni taa."

Sijui kama alisema kweli au alinitua mzigo kwa sababu nilikuwa nasafiri. Alikuwa na uwezo wa yote mawili. Na kama alijua, kwa nini aliwaachia watu wamseme Magesa mpaka kaburini? Hilo sikumuuliza, na miaka yote niliyokwenda kumsalimu sikumuuliza, na sasa haulizwi tena. Siku ile alinyoosha mkono, akapapasa sinia mpaka akaufikia mgongo wa samaki. "Umeruka hapa," akasema. "Huku kuna miiba midogo, ndiyo inayoua. Rudia." Nikafuta macho kwa kiwiko, nikarudia.